Sikuuliza Dawa Ni za Nani

Duka la Dawa la Ndunge,
Ruiru.
25 Mei 2025

Mpendwa ndugu yangu Kyalo,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetulea. Hujambo huko Doha? Watu huuliza hivyo kwa mazoea, lakini leo nauliza nikitaka jibu la kweli, na ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini. Sisi huku tuko, tunashukuru.

Baridi imeanza mapema. Ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, na watu wameshaanza kukohoa. Wiki nzima nimekuwa nikipanga duka: dawa za homa karibu na kaunta, za watoto kando, barakoa mlangoni. Nimenunua na kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima hewa mwilini. Shemeji yako Boaz amenitengenezea benchi, mgonjwa akae nimtazame vizuri.

Lakini nilikuwa napanga na kupangua. Siku mbili nilifunga mapema, nikaenda kukaa tu nyumbani. Sikujua kama nina haki ya kufungua msimu huu.

Siku tuliyomzika Mama uliniuliza mbele ya watu nilikuwa wapi, na mimi ndiye wa dawa. Sikukujibu. Tangu hapo hupokei simu zangu, na sikulaumu. Jibu ndilo hili.

Unamkumbuka Muigai, jirani wa Mama kule Ngoingwa, Thika, anayefanya kazi hapa Ruiru. Julai iliyopita alikuja dukani mara tatu kwa siku kumi, akitaka dawa ya homa na ya kikohozi. Alisema ametumwa. Unajua watu wetu, nusu ya wanaokuja wametumwa. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamfungia dawa, nikamwambia ampe mgonjwa pole. Haki, nilimtumia mama yangu mwenyewe pole bila kujua!

Mama ndiye aliyemkataza kumtaja. Alijua ningefunga duka nikimbie Thika, na hakutaka kunisumbua. Nikimpigia alikuwa akiongea kidogo tu, anasema yuko jikoni, mboga inaungua. Kumbe pumzi haikumtosha. Dawa zangu zilimshusha homa akadhani anapona, huku nimonia inamla mapafu. Muigai aliniambia baada ya matanga, akilia. Swali lilikuwa moja tu, ni za nani, na sikuliuliza. Na Mama huyo huyo ndiye aliyetulea akituambia mficha maradhi kifo humuumbua. Woi, Mama!

Sasa nisikilize. Juzi Ijumaa rafiki yako Kimeu, mnayefanya kazi naye huko, alipitia dukani. Anarudi Doha Jumatano. Alitaka chupa nne za dawa ya kikohozi na antibayotiki. Nikamuuliza ni za nani. Akasema ni zake. Nikamkalisha kwenye benchi la Boaz, nikambana kidole, nikamsikiliza kifua. Mzima wa afya, huyo! Nikamkazia macho mpaka akasema ukweli: ni zako. Unakohoa tangu mwezi wa tatu, usiku unatoka jasho, na umemkataza kukutaja.

Nikakaa mwenyewe kwenye hilo benchi. Nilikasirika pia, usinidhanie mpole. Wewe ni mtoto wa Mama kabisa.

Dawa sikumpa. Nitampa barua hii akuletee. Kikohozi cha miezi miwili hakitibiwi kwa kutuma mtu. Siku utakayoisoma, nenda hospitali upigwe picha ya kifua, upimwe na makohozi. Najua unaogopa wakiona kitu watakurudisha nyumbani. Wakikurudisha, rudi. Chumba cha Mama kipo, na dirisha lake linapata jua.

Boaz anakusalimu, na Jackie wetu, ambaye sasa ananipita urefu. Mjomba Mwanzia anakuombea kila Jumapili. Muigai ananiuliza habari zako, na bado hawezi kunitazama usoni.

Kesho nafungua duka, na kila atakayesema ametumwa nitamuuliza. Mungu akulinde kifua chako na akufikishe salama mbele ya daktari.

Ukitaka kuendelea kunikasirikia, nikasirikie. Lakini nipigie wewe mwenyewe. Hata usiposema neno, nitasikiliza unavyopumua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininyamazia,

Ndunge