Uji wa Saa Kumi na Mbili

"Uji gani, wifi? UJI GANI?" Mwenzangu, nilipiga kelele benchi zima la hospitali likageuka.

Eti, "Vijiko vitatu tu. Ulikuwa unaoga, mtoto analia njaa. Wewe una moyo wa jiwe?"

Vijiko vitatu! Nilimwambia jana, nikarudia leo alfajiri: mtoto asile kitu mpaka atoke kwenye upasuaji. Yeye akadhani namtesa mwanangu!

Na unajua tulivyoisubiri siku hii. Miezi mitano ya foleni ili korodani iliyokwama tumboni ishushwe mahali pake. Daktari kashaonya kwamba tukizidi kuchelewa inaweza kuharibika.

Mara nesi akatokea mlangoni na gauni dogo la kijani, akaita jina letu. Wifi akanibana mkono. "Nyamaza, wifi. Nani atajua? Ukisema tu, wanaturudisha nyumbani."

Nakuambia wewe tu: nilinyamaza. Mimi, mdomo huu unaoujua! Nilijiambia vijiko vitatu si kitu.

Lakini daktari wa usingizi alishatueleza wazi. Mtoto akilazwa usingizi kwa dawa na chakula kiko tumboni, anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Afe pale pale, na mimi niko nje na siri ya uji?

Nikaung'oa mkono wa wifi, nikaenda mlangoni. "Sista, mtoto amekula uji saa kumi na mbili."

Akanitazama. Akakunja lile gauni, akaita mtoto mwingine.