Hukumu ya Kitabu cha Draya

Jumatatu, 19 Mei 2025

Nimepewa kazi. Jumapili, baada ya mahubiri, nitasimama mbele ya kusanyiko letu la wakimbizi wa Congo hapa Yeoville nikilaani kitabu cha watoto cha uchawi. Kamati ya Maadili imenichagua kwa sababu mbili: mimi ndiye msemaji wa arusi na misiba yetu tangu 2011, na nilifundisha Kiswahili kwetu Uvira miaka tisa. Hukumu tumekwisha kuitia saini. Kitabu bado hatujakisoma.

Mwandishi ni Masika, msusi. Kila Jumamosi huwasomea watoto wetu katika ukumbi wa kanisa. Baada ya hotuba yangu atafungiwa ukumbi. Nakala ni moja tu, ya fotokopi, imebanwa kwa stepla. Nimekabidhiwa mimi.

Jumanne, 20 Mei 2025

Kikao. Katibu wetu, Hénock, alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Riziki, msichana wa mtaa wa Joubert Park, anaketi chini ya draya ya saluni, anazungusha kitufe, anatokea Bukavu mwaka 1989 — mama yake ana miaka kumi!

Nilitarajia mjadala kuhusu uchawi. La! Papa Théodore, fundi cherehani, aliinua mkono.

"Huyu mtoto iko na papier ya ukimbizi, si ndiyo? Na amerudi Congo?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Mukimbizi akirudi kwao, papier inakufa!"

Mama Brigitte akamtetea: alirudi kwa uchawi, mpakani hakupita.

"Mbaya zaidi!" akasema Papa Théodore. "Hakugonga hata muhuri!"

"Tena 1989 vita haijafika," akaongeza Hénock. "Wakimuuliza anakimbia nini, atajibu nini?"

Tukapiga kura. Kosa la kwanza: kuvuka mpaka. Uchawi umeshuka nafasi ya pili. Nimeagizwa kurekebisha hotuba.

Jumatano, 21 Mei 2025

Nimeanza kukisoma kazini, getini ninapolinda pale Doornfontein, ili nikusanye makosa. Mpangaji wa ghorofa ya nne alipiga honi mara tatu. Sikusikia — Riziki alikuwa hajapata njia ya kurudi!

Sura ya nne ina mzee mwenye kitambaa cheupe mfukoni, anayehutubia arusini. Riziki anazungusha kitufe, anaruka saa mbili mbele, na kumkuta mzee bado yumo katika utangulizi. Kitambaa cheupe ninacho. Nimeandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Haina ukweli." Utangulizi wangu haujawahi kuzidi dakika arobaini.

Ijumaa, 23 Mei 2025

Jana niliweka alama sura ya tano — kipande cha rasta nilichokikuta humo. Leo asubuhi alama imo sura ya saba. Nyumbani tuko wawili: mimi na Chloé.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili, amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, hunijibu Kiingereza. Hivyo tangu aanze shule. Leo mezani, tunakula sombe, akaniuliza kwa Kiswahili:

"Papa, kinu ni nini?"

Niliweka kijiko chini. Nikaeleza. Gogo, mchi, majani ya muhogo, mikono ya mama yangu. Yeye sombe anaijua ya pakiti, iliyoganda.

"Koko, mama yako, alikuwa na yake?"

"Alikuwa nacho. Nyuma ya jiko, Uvira."

"Eish."

Akachukua sahani yake, akaenda. Sikumuuliza nani alimruhusu kufungua mkoba wangu wenye kitabu. Nimeuacha wazi.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Hotuba imekamilika. Kurasa sita. Ni nzuri mno — hapo ndipo penye taabu.

Nimepita mbele ya saluni. Masika ameshika kichwa cha mteja, hakukiachia.

"Mzee Jacques! Umefika sura gani?"

"Ya nane."

"Basi ngoja ya tisa, ndipo unihukumu."

Nikamweleza kwa staha kwamba hukumu ilitiwa saini Jumatatu.

"Kumbe nanyi munasafiri katika wakati!"

Saluni nzima ikacheka. Hata mteja, na nywele zake zikivutwa.

Jumapili, 25 Mei 2025

Benchi la mbele. Mahubiri yamekwisha, kwaya inaimba. Kamati yote imenielekezea macho. Théodore ameniinulia dole gumba. Masika yuko mlangoni, hajavua koti. Chloé yuko safu ya tatu — leo sikumgombeza ili aje!

Nimefungua faili. Kurasa zote sita zimo. Lakini nyuma ya ukurasa wa kwanza kuna maandishi ya penseli:

"Papa usiseme mwisho. Mimi bado sura tisa."

Hajawahi kuniandikia Kiswahili. Makosa mawili, labda matatu. Kalamu nyekundu ninayo mfukoni, nyuma ya kitambaa. Sijaigusa.

Kwaya imebakiza ubeti mmoja. Mchungaji Parfait amesogea kwenye maikrofoni: sasa tumsikilize Mzee Jacques, mtu asiyekosa maneno.

Nimeigeuza karatasi: hukumu chini, penseli ya Chloé juu; hiyo ndiyo nitakayoisoma. Utangulizi wote umenitoka —