Tulimuomba Bi Mwanamize Radhi, Hatukumuuliza Sababu

Mjambere, Jumapili alasiri.

Joto la leo halisemeki. Upepo umegoma, pazia halitikisiki, nami tangu adhuhuri nimeketi na ufunguo wa darasa mapajani kama mtu aliyekabidhiwa amana asiyoitaka.

Kesho shule zinafunguliwa. Kesho watoto wangu wa Gredi ya Tatu wanaingia darasa jipya.

Na mimi sitaki waingie.

Wacha nianze mwanzo, labda nikiliandika litanipungua kifuani. Shule yetu yaitwa Bi Mwanamize, kwa jina la mwanamke aliyeitoa ardhi hii wakfu zama za mababu zetu ili watoto wa huku wapate pa kusomea, wa Kiislamu na wa Kigiriama, bila kubagua. Alitoa kiwanja chote, ila aliacha neno moja: pale katikati pasijengwe kitu, wala watoto wasipachezee. Tukapaita Kwa Bibi. Pameota mirehani, na kila muhula ukianza watoto huja na asumini wakaziweka hapo, Kadzo sawa na Maimuna. Hata mimi niliweka nilipokuwa mdogo. Ungeniuliza kwa nini, ningekwambia ni heshima tu.

Mwaka jana tukapata mfadhili wa darasa, na uwanja umebana. Kamati ikakaa, ikaona lijengwe pale Kwa Bibi. Hapakuwa na ubishi mkubwa, maana sisi watu wa huku jambo kama hilo tuna dawa yake. Ikasomwa hitma, ubani ukafukizwa, pasta naye akaja akaomba kwa njia yake, tukala halua. Tukamuomba Bibi radhi. Mimi ndiye niliyemimina kahawa. Fundi akaanza kuchimba, akafurahi, kwa sababu kwengine kote shuleni ni jiwe tupu lakini pale udongo ulikuwa laini. Tukasema, mwaona, Bibi ameridhia.

Darasa ni zuri, sikatai. Lakini tangu limalizike lina vituko. Ufa umetoka mlangoni ukaelekea ubaoni. Fundi akaupaka saruji, haukukawia kurudi. Katikati ya sakafu pana unyevu, na mvua tumeisahau. Na nikipita hapo na viatu vyangu vya kisigino, sauti yabadilika. Pembeni ni sakafu kama sakafu nyengine. Katikati ni kama kugonga mtungi mtupu.

Nilijiambia ni wasiwasi wangu tu. Mama husema mimi nikiona kamba naita nyoka.

Jana nilikuwa harusini Kiembeni, nikaketishwa karibu na Bi Salma, mjukuu wa ndugu yake Bi Mwanamize. Nikamuamkia shikamoo, nikamsimulia habari za darasa nikidhani nitamfurahisha. Alikuwa na sambusa mkononi. Akairudisha sahanini.

"Mumejenga juu ya kisima?"

Nikamuuliza kisima gani. Kumbe Bibi alikuwa na kisima pale, na bintiye wa pekee alitumbukia ndani akafa. Baada ya maziko hakutaka kukiona tena, wala hakuwa na mtu wa kumjazia udongo hadi juu. Akakifunika kwa boriti, akamwaga mchanga juu, kisha akakitoa kiwanja kwa watoto wa wenziwe. Kwao kila mtu yuajua. Kwetu sisi lilibaki neno lake, sababu ikapotea njiani.

"Na hizo boriti mulizitoa," akaniuliza Bi Salma, "au zimo?"

Zimo. Fundi hakufika huko chini. Zimekaa ardhini miaka yote hiyo, na juu yake sasa pana saruji na madawati.

Asubuhi nikampigia simu Mwalimu Mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, haki yake nampa. Kisha akasema, "Mwalimu Zuhura, hitma tumesoma, pasta ameomba. Usituletee nuksi siku ya wageni." Kesho yuaja mheshimiwa kufungua darasa. Nikaandika kwenye kundi la wazazi kwamba sakafu ile si salama, tuwaombee watoto na tusiwaingize. Wakajibu Amin. Mmoja baada ya mwengine, Amin, Amin, na vile vimikono vya dua. Waliona neno "tuwaombee" wakaishia hapo.

Nilicheka, kisha nikalia.

Maana kesho, kabla ya utepe kukatwa, watoto wangu wamepangiwa kuimba ule wimbo wa Bi Mwanamize. Humo humo ndani, katikati, wageni wakiwa wamesimama ukutani. Ni wimbo wa kupiga miguu. Niliwafundisha mwenyewe kabla hatujafunga muhula uliopita, na kila aliyepiga kinyonge nilimwambia apige kwa nguvu, Bibi asikie.

Naogopa. Sijawahi kubishana na mkubwa wangu mbele za watu, na kazi naihitaji. Ufunguo mwengine anao yeye, kwa hivyo kufunga mlango peke yake hakusaidii kitu.

Basi nimeamua hivi. Kesho nitafika kabla ya kengele, nikae kizingitini na buibui langu, na anayetaka kuwaingiza wale watoto aniruke mimi kwanza. Wakinifukuza, na wanifukuze. Wakisema nimepagawa, watanisomea hitma nyengine, na kahawa atamimina mtu mwengine.

Jua limeanza kupoa. Kadzo na Maimuna wa darasa langu wako hapo uani kwetu wanafanya mazoezi ya wimbo, nasikia miguu yao mpaka humu ndani. Wanapiga vizuri. Wanapiga vile vile nilivyowafundisha.

Dua huombwa Mola peke yake, nami nimeshamuomba. Lakini wewe Bibi ulifiwa hapo, wajua. Kama wasikia, ishikilie hiyo sakafu mpaka nifike.