Maua Nane kwa Kitambaa

Jumatatu, 6 Julai 2026

—na jana sikumaliza kuandika. Tulikuwa kwa Sifuna, huyo wa Kitale anataka kuoa Nekesa wangu. Ako miaka arobaini, bibi wa kwanza alikufa, lakini sura safi na shamba iko. Mzee wangu Wekoye aliuliza kitu moja tu: ulikatwa jandoni na rika gani? Akasema Kolongolo. Tukapumua. Angekuwa wa rika ya Sawa kama Wekoye, kwa mila ni baba ya Nekesa, na baba haoi mtoto. Yeye na wazee wake wanakuja kuposa Jumamosi. Nimeshaambia Kanduyi yetu nzima.

Jumatano, 8 Julai

Nafuma kitambaa ya meza ya wageni. Maua nane kwa duara. Kumbe ni marika yetu! Nane, na ya mwisho ikiisha ya kwanza inarudi. Nikapatia kila ua jina ya rika. Halafu nikaona—kila moja iko na mwenzake ng'ambo. Zungusha nusu, babu anakaa pahali ya mjukuu! Na mimi niliachia darasa la tatu. Nikaonyesha Bimla wa duka ya uzi. Akasema kwao Wahindi hata roho inazunguka, halafu akaniambia nisishike uzi na mkono ya mandazi.

Ijumaa, 10 Julai

Kitale, kwa Rosaline, shangazi ya Sifuna. Huyo anaongea kunishinda. Ati kwao kijana hungoja rika yenye inaangaliana na ya babu yake, ndio akatwe. Hata Sifuna. Nikauliza, na babu yake? Akasema Kinyikeu.

Nikatoa kitambaa, nikaweka kidole. Kinyikeu. Nyange, Maina, Chuma… Sawa.

Nikahesabu kurudi nyuma. Kananachi, Kikwameti, Kolongolo… Sawa tena, rika ya Wekoye; Sifuna si Kolongolo. Bana.

Nikakunja kitambaa, nikaacha chai nusu. Mimi!

Jumamosi, 11 Julai

Sijaambia mtu hapa nyumbani. Nekesa ameamka akiimba, amepaka kucha.

Asubuhi nilipigia Sifuna. Nikamwambia vile nimehesabu. Akakubali: "Mama, nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili. Mwaka ya kukatwa si mimi nilichagua." Nikakata simu.

Wamefika. Niko jikoni. Kama ni mkwe, simpi mkono, najifunika leso napita mbali. Kama ni rika ya Wekoye ni shemeji, namshika mkono na kumtania. Wazee wote wataangalia hii mkono yangu; nikimshika, ndoa imekufa. Nekesa pia, ako hapo kwa dirisha ana—

Wekoye anaita. "Mama Nekesa! Kuja usalimie mgeni."