Aliyekaa Nyuma ya Mpigaji

Mpendwa Bi Mwanamina, naomba unisaidie kwenye safu yako ya ushauri maana nimefika pahala sijui nimwendee nani, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mahege, Kibiti, na pamoja na hesabu nafundisha watoto besiboli, mchezo niliojifunza chuoni, na ninachosisitiza kuliko vyote ni kwamba gongo likishagusa mpira usilisimamishe, liache lizunguke mpaka likufikie nyuma ya bega, kwa sababu anayelikata katikati mpira wake haufiki mbali na viwiko vinamuuma, nao mwanzo walinielewa vizuri, ila tulipohamia kiwanja kipya upande wa mikorosho wote wakaanza kulikata, hata Hajira wa darasa la sita ambaye ndiye mpigaji wangu bora.

Nikamuuliza, "Mbona humalizii?"

"Nitampiga, mwalimu."

"Utampiga nani?"

"Bibi. Amekaa nyuma."

Nikatazama, pale nyuma pana vumbi tu, nikaona ni utoto, na kwa kuwa mashindano ya wilaya yamekaribia na mwalimu mkuu ananibana, nikamwambia asipomalizia namtoa kwenye timu, basi akapiga, akamalizia kama nilivyomfundisha, mpira ukaenda hadi mikoroshoni lakini hakuna mtoto aliyeshangilia, na Hajira akaweka gongo chini, akageuka, akapiga magoti na kusema, "Nisamehe, bibi," na tangu siku hiyo haji shule.

Nilipokwenda kwao, mama yake, Siti, alinieleza kwa upole tu kwamba mwaka wa mafuriko wao waliotoka bondeni walihifadhiwa kwenye mahema pale pale penye kiwanja chetu kipya, na mama mkwe wake, Bi Swaumu, kutwa alikuwa akikaa mkekani akiwaangalia watoto wa kambi wakicheza, mpaka akafariki hapo hapo, akazikwa haraka huku mvua inanyesha.

"Hajira ana homa," akasema, "na hataki kushika kitu kwa mkono wake wa kulia."

Bi Mwanamina, asubuhi iliyofuata nilikwenda kiwanjani peke yangu, nina hasira, nikazungusha gongo kwa nguvu zangu zote, na kabla halijafika begani likazuiwa na kitu laini, kama mtu aliyejitanda kanga nyingi, na mimi mtu mzima nikajikuta nasema samahani. Sijamwambia mtu. Mwalimu mkuu anataka mazoezi yaendelee, mwalimu mwenzangu anasema nimwite mganga, wewe unasemaje?

Mwalimu Salima, Kibiti

*

Mwalimu Salima, pole. Lakini pole ya kwanza ni ya Hajira. Mtoto alikueleza sababu yake kwa adabu, nawe ukamjibu kwa kitisho. Lilipokufika wewe, uliomba samahani ukaenda zako. Yeye ulimtaka amalizie. Hilo ni kosa lako, usimsingizie marehemu.

Kilichozuia gongo lako sikijui, na sitakutungia jibu. Ila mganga wa nini? Hapo hakuna mgeni wa kufukuzwa. Kuna bibi wa watu aliyezikwa mbio mbio, na watoto waliompenda wakaambiwa wachezee alipokatia roho bila mtu kuwauliza.

Nenda kwa Siti. Kaa chini, umwombe Hajira radhi mbele ya mama yake. Homa ni ya zahanati, apelekwe leo, usichanganye mambo. Kisha muulize Siti kama familia ingependa kumsomea Bi Swaumu kisomo, na kama wangependa kifanyike pale. Wakikubali, watoto wote wahudhurie. Wakikataa, itikia uondoke. Mwalimu mkuu mweleze yote, pamoja na lililokupata wewe. Akicheka, na acheke.

Halafu geuza kiwanja. Mpigaji asimame upande wa barabara, na pale pa zamani paachwe. Kila mtoto ageuke atazame nyuma kabla ya kuinua gongo. Hata kwa ajili ya sisi tulio hai ulipaswa kuwafundisha hivyo siku ya kwanza. Mashindano yakiwapita mwaka huu, yawapite.

Hajira akirudi, usimwambie kwamba hakuna mtu. Mpe gongo, ageuke, atazame kwa muda anaoutaka. Akikwambia kuko wazi, apige na amalizie. Akikwambia bado, mwamini, msubiri.