Sungusungu Mlangoni, Mchwa Ukutani

Sapiwi, Jumanne, mwezi wa saba

Nampenda mno Masanja wangu, hata leo alivyonicheka!

Asubuhi nilikuta mchwa wamepandisha njia yao ya udongo ukutani, wameikaribia pamba yetu, ya kwanza kuvuna pamoja tangu tuoane. Tumeiweka ndani tukingoja wanunuzi binafsi, maana siku hizi si ushirika peke yake unaonunua. Mlangoni nako sungusungu weusi walikuwa wakiingia kwa mstari. Nikachota majivu ya moto niwamwagie.

Mama mkwe akanidaka mkono. "Waache, ng'wanawane, mwanangu! Wamefuata mchwa hao."

Masanja akacheka. "Bibi harusi anafukuza walinzi, wezi anawaacha ndani!"

Nilinuna. Halafu nikachungulia, na kweli, sungusungu walikuwa wakitoka na mchwa midomoni. Nami siku zote nilidhani wadudu hawa ni ndugu! Mchwa anajificha, anakula taratibu gizani. Sungusungu anapita wazi, anauma vibaya, lakini pamba haigusi.

Naogopa, kwa sababu sungusungu watakwenda zao na mchwa watarudi. Mnunuzi akikuta pamba imejaa udongo ataikataa, na bila pamba hatuezeki bati, na mvua zikianza...

Hapana. Kesho nakata miti mwenyewe, tunajenga kichanja, pamba ikae juu, mbali na ukuta. Nimemwambia Masanja akinicheka tena nitamtilia sungusungu kitandani.

"Na wewe utalala wapi?" akauliza.

Nimecheka mpaka mama mkwe akagonga ukuta.