Mwisho wa Kitabu cha Mama Mwamini

Yaya Feza, dada yangu mpenzi,

Nakusalimia toka Wamaza. Mvua imebeba daraja, na lori la misioni tulilopanda limekwama. Tunalala kwa Mama Mwamini, mjane anayefundisha wanawake kusoma. Jana alitupikia wali na sombe, kisha akanionyesha kitabu cha hadithi ya binti aliyeondoka kwao, alichopewa na masista. Kurasa za mwisho zililiwa na mchwa. Nikamwambia nilikisoma zamani.

“Mwalimu, wewe ulikisoma chote. Yule binti alirudi kwao?”

Nilisita. Akanisihi, nikamwambia kweli: alikufa njiani.

Akakifunga kitabu. “Mimi nilikuwa nawaambia wanawake kama alirudi, mama yake akamupikia kuku.”

“Endelea na ile yako, mama.”

“Siwezi tena. Sasa najua.”

Asubuhi hii wanawake walikuja na kukaa barazani. Aliwafundisha herufi tu. Mmoja alipouliza habari za binti, alijibu kwamba kitabu kimeharibika. Najuta, yaya. Ningesema nimesahau, hakuna mtu angeumia.

Umukumbatie mama kwa ajili yangu, umwambie nakula vizuri. Nawe ubaki na amani, watoto wakusumbue kidogo tu.

Mdogo wako akupendaye,
Anselemi